Sakarini Mbele ya Sheria

Jioni ya leo nitawasimulia habari za unga mweupe ambao punje zake chache zatosha kuikoleza chai, wala unga huo si sukari. Jina lake ni sakarini. Ukiupima uzito kwa uzito, utamu wake wapita ule wa sukari mara 300 na zaidi; lakini mwili haupati riziki kwake, kwa maana sukari ni chakula chenye kutia nguvu, na sakarini hupita mwilini ikatoka karibu vile vile ilivyoingia. Haitoki katika muwa wala katika mzinga wa nyuki. Hapo mwanzo ilitengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, ile lami nyeusi inayobaki makaa yanapochomwa ili kupata gesi ya taa.

Nia yangu si kufundisha kemia. Nataka kueleza jinsi serikali za Ulaya na Marekani zilivyohangaika na unga huu kwa muda wa miaka zaidi ya 100, zikiukataza, zikiufungulia, zikataka kuukataza tena. Watu wengi hudhani ya kuwa sheria ya chakula ina kazi moja tu, yaani kuzuia sumu. Habari za sakarini zaonyesha kwamba ndani ya sheria hiyo yamo mambo matatu: sumu, udanganyifu, na fedha za wakubwa, na yakichanganywa pamoja, mlaji hajui tena ni lipi analindwa nalo.

Mwaka 1879, katika chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alikuwako profesa wa kemia jina lake Ira Remsen. Katika chumba chake cha majaribio alifanya kazi mtaalamu mwingine, Constantin Fahlberg, akichunguza vitu vitokavyo katika lami ya makaa. Jioni moja Fahlberg alikwenda kula bila kunawa mikono vizuri, akaona mkate wake u mtamu kupita kiasi. Akarudi mbio kazini, akaonja vyombo vyake kimoja baada ya kimoja, hata akakipata kile chenye utamu. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye. Wanafunzi wangu wa ualimu wakisikia hayo hucheka, nami huwaambia wacheke wapendavyo lakini wasimwige, maana katika vyombo vile huenda kimojawapo kingalimwua.

Remsen na Fahlberg waliitangaza habari hiyo kwa majina yao yote mawili. Lakini baada ya miaka michache Fahlberg alijipatia hati za haki ya uvumbuzi peke yake, akaenda kutafuta mali, na Remsen akabaki na uchungu moyoni. Mlikumbuke jina la Remsen, kwa sababu litarudi.

Sasa yatupasa tuseme kidogo juu ya sukari yenyewe. Sisi tumezoea sukari ya muwa na sukari guru. Lakini katika nchi za baridi muwa haumei. Mwaka 1747 mtaalamu wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha kwamba sukari ile ile imo katika mizizi ya mmea wa nchi za baridi, ambao sisi twauita kiazisukari, na baadaye viwanda vikajengwa kwa ajili yake. Hata ilipofika mwisho wa karne ya 19, Ujerumani ilikuwa nchi kubwa ya viazisukari. Wenye mashamba walikuwa watu wenye sauti mbele ya serikali, na kodi ya sukari ilikuwa fungu jema katika hazina.

Basi, Fahlberg na jamaa yake Adolf List walijenga kiwanda cha sakarini huko Salbke, karibu na mji wa Magdeburg. Na nchi inayouzunguka Magdeburg ndiyo nchi ya viazisukari hasa. Ni kama mtu aende Pemba, ajenge katikati ya mikarafuu kiwanda cha kutengeneza karafuu kwa lami.

Nani aliyeinunua sakarini? Wagonjwa wa kisukari waliinunua, kwa kuwa sukari kwao ni adui. Waliinunua watengenezaji wa vinywaji, kwa kuwa iliwapunguzia gharama. Na waliinunua maskini wa mijini, ambao sukari yenye kodi juu yake iliwashinda bei. Kwa mwenye shamba la viazisukari kila kidonge kilikuwa hasara, na kwa mweka hazina kilikuwa kodi iliyopotea.

Sheria ya kwanza ya Ujerumani, ya mwaka 1898, ilipunguza matumizi ya sakarini katika vyakula na vinywaji vya biashara. Sheria ya pili, ya tarehe 7 Julai 1902, ilikuwa nzito. Ilikataza kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuiuza, ila kwa ruhusa. Kiwanda cha Fahlberg na List peke yake kiliachwa kifanye kazi chini ya macho ya serikali. Vingine vikafungwa na wenyewe wakalipwa fidia. Aliyeihitaji kwa ugonjwa wake aliitafuta katika duka la dawa. Ufaransa nayo mwaka ule ule wa 1902 ikaikataza katika vyakula, na nchi nyingine za Ulaya zikawa na sheria za namna hiyo. Uingereza ilishika njia yake: mwaka 1888 iliwakataza watengenezaji wa bia wasiitie katika bia, na mwaka 1901, ilipourudisha ushuru wa sukari, iliitoza sakarini ushuru pia.

Katika mabishano ya wakati ule habari za afya zilitajwa, naam. Lakini tuulize kama watu wazima: ikiwa unga huu ulikuwa sumu, mbona uliuzwa kwa mgonjwa? Na ikiwa haukuwa sumu, mbona mzima alinyimwa? Jibu limo katika hesabu za kodi na za mashamba. Mimi sisemi kwamba serikali haina haki ya kulinda mapato yake wala wakulima wake. Hiyo ni kazi ya kila serikali. Nasema tu kwamba aliyelindwa hapa hakuwa mlaji.

Sheria ya namna hiyo haikosi kuzaa magendo. Nchini Uswisi, ambako mashamba ya viazisukari yalikuwa machache, sakarini iliruhusiwa, na kiwanda cha Sandoz cha mjini Basel kilianza kuitengeneza mwaka 1899. Fikirini: kilo moja ya sakarini ina utamu wa magunia matatu ya sukari ya kilo 100, na mtu aweza kuichukua kifuani bila kuinama. Watu wakaivusha mipakani, kuingia Ujerumani na nchi jirani, ndani ya nguo zilizoshonewa mifuko ya siri. Walinzi wa forodha wakakamata baadhi yao, lakini mchovya asali hachovyi mara moja.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Sukari ikaadimika Ujerumani, na serikali ile ile iliyoifungia sakarini ikawafungulia watu wake waitumie. Katika vita vya pili mambo yalikuwa vivyo hivyo kwingineko: Waingereza walipogawiwa sukari kwa vipimo, tangu Januari 1940 mpaka Septemba 1953, vidonge vya sakarini vilikuwa kitu cha kawaida pembeni ya kikombe cha chai. Unga haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni ghala la sukari.

Sasa twende Marekani, ambako kisa chenyewe kina watu wa kuangaliwa.

Huko sheria ya vyakula safi na dawa ilitiwa sahihi na Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni 1906. Aliyeipigania kupita wote alikuwa Dokta Harvey Wiley, mkuu wa wataalamu wa kemia katika Idara ya Kilimo. Yeye ndiye aliyekusanya vijana wa kujitolea mwaka 1902, akawalisha chakula chenye dawa za kuzuia kuoza ili aone kama zitawadhuru, hata magazeti yakawaita kikosi cha sumu. Alikuwa mtu wa haki na mwenye bidii. Pia alikuwa mtu asiyejua wakati wa kunyamaza.

Januari 1908 wenye viwanda vya vyakula vya makopo walikwenda kwa Rais kulalamika juu ya ukali wa Wiley, naye Wiley alikuwamo chumbani. Mambo ya mkutano huo aliyaandika mwenyewe baadaye, nasi twamfuata yeye. Mmoja wa waliokuja alikuwa Bwana James Sherman wa New York, mjumbe wa Bunge, ambaye mwaka ule ule alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Akaeleza kwamba kampuni yake iliokoa dola 4,000 kwa mwaka kwa kutia sakarini badala ya sukari katika mahindi matamu ya kopo. Wiley hakungoja kuulizwa. Akamwambia Rais kuwa kila mtu aliyekula mahindi yale alidanganywa, kwa maana alidhani anakula sukari, kumbe anakula kitu cha lami kisicho na faida ya chakula, tena chenye madhara makubwa kwa afya.

Roosevelt akamgeukia kwa hasira. Daktari wake, Rixey, alikuwa akimpa sakarini kila siku! Akasema mtu adaiye kwamba sakarini yadhuru ni mpumbavu. Mkutano ukavunjika, na Wiley, kwa maneno yake mwenyewe, aliona kwamba tangu saa ile neno lake kwa Rais lilipungua uzito.

Tuyatazame maneno ya Wiley kwa makini, maana yalikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza, kwamba mlaji alidanganywa, haikuwa na shaka: kopo halikusema kitu, na aliyelinunua alidhani ni sukari. Nusu ya pili, kwamba sakarini yadhuru sana, aliisema kwa nguvu kuliko ushahidi aliokuwa nao. Rais akaishika nusu ya pili, akaipiga, na ile ya kwanza ikaanguka pamoja nayo. Laiti Wiley angalikoma mapema! Mwuza maziwa atiaye maji safi katika kibuyu chake hamlishi mtu sumu. Lakini nani kati yetu atakayemwita mwaminifu? Kesi ya Sherman ilikuwa kesi ya maji katika maziwa, na Wiley akaigeuza kuwa kesi ya uchawi.

Rais akaunda baraza la wataalamu wa kuchunguza mabishano kama hayo. Na nani aliyewekwa kuwa mkuu wake? Ira Remsen, yule yule wa Baltimore, ambaye wakati huo alikuwa rais wa chuo chake. Basi, mtu ambaye sakarini ilizaliwa katika chumba chake cha kazi ndiye aliyeombwa aseme kama yafaa kuliwa. Wako waliosema kwamba hilo halikuwa jambo la haki. Lakini uamuzi uliotoka haukumpendeza mwenye kiwanda. Baraza lilisema kwamba mtu mzima akila gramu 0.3 au pungufu kwa siku, hapati madhara. Akizidi sana, akapita gramu 1, tumbo laweza kusumbuka. Kisha likaongeza neno lenye uzito kuliko hilo: kwamba kuweka sakarini mahali pa sukari ni kukipunguzia chakula thamani yake.

Kwa neno hilo serikali ya Marekani, mwaka 1912, iliikataza sakarini katika vyakula vya kawaida, ikaiacha katika vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa na kuandikwa hivyo. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara kuliko yote yaliyotangulia. Hapo ndipo sheria ilipotenganisha udanganyifu na sumu. Kwa mtoto wa kibarua, mahindi yasiyo na sukari aliyodhani imo ni chakula kilichopunguzwa. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye wakati huo hakuwa hata na insulini, kwa kuwa ilianza kutumika mwaka 1922, upungufu ule ule ndio alioutafuta. Kitu ni kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja anajua anachokula na mwingine hajui. Wiley mwenyewe alikuwa amechoka na vita vya ofisini, akajiuzulu Machi mwaka huo huo.

Serikali ilijaribu kwenda mbele zaidi. Iliishtaki kampuni ya Monsanto ya St. Louis, iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa kutengeneza sakarini, ili ithibitike mahakamani kwamba unga huo wadhuru. Raia walioitwa kuamua kesi hawakupatana mwaka 1919, wala hawakupatana iliposikizwa tena mwaka 1924. Mwaka 1925 shtaka likafutwa. Neno la sumu likalala kwa muda mrefu.

Lilipoamka, dunia ilikuwa imegeuka. Baada ya vita vya pili watu wengi wa Marekani hawakuhofu kukosa chakula, bali walihofu kunenepa. Sasa kasoro ya mwaka 1912, kwamba sakarini haina nguvu ya chakula ndani yake, ikawa ndiyo sifa yake, nayo ikaandikwa kwa herufi kubwa juu ya chupa. Pamoja nayo ilitumika saiklameti, kitu kingine cha utamu kilichogunduliwa mwaka 1937 katika chuo kikuu cha Illinois.

Mwaka 1958 Bunge la Marekani liliiongezea sheria ya chakula kifungu kilichoitwa kwa jina la mjumbe James Delaney: kitu cho chote cha kutiwa katika chakula, kikionekana kuleta saratani kwa mtu au kwa mnyama, kisiruhusiwe. Kifungu hicho hakikuuliza kiasi. Mwaka 1969 panya waliolishwa mchanganyiko wa saiklameti na sakarini, sehemu kumi kwa moja, walionekana kuwa na saratani ya kibofu, na saiklameti ikapigwa marufuku. Tarehe 9 Machi 1977 ikawa zamu ya sakarini. Uchunguzi uliofanywa Kanada ulikuwa umeonyesha uvimbe katika vibofu vya panya dume waliolishwa sakarini kiasi cha sehemu 5 katika kila 100 za chakula chao. Serikali ya Marekani ikatangaza nia ya kuiondoa.

Watu wakapiga kelele. Wenye kisukari wakauliza watakunywa chai na nini, kwa kuwa saiklameti imekwisha kwenda na kingine kilichoruhusiwa hakikuwapo. Wengine wakafanya hesabu wakaona kwamba ili mtu alingane na panya wale angepaswa kunywa soda kwa mamia ya makopo kila siku. Barua zikamiminika Bungeni. Novemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuahirisha katazo, na badala yake likaagiza kila kifurushi kiandikwe onyo kwamba kina sakarini, ambayo imeonekana kuleta saratani kwa wanyama wa majaribio. Muda ukaongezwa tena na tena, hata mwaka 1991 serikali ikaliondoa pendekezo lake.

Na panya je? Walichunguzwa zaidi, ikagundulika kwamba mkojo wa panya dume, kwa jinsi ulivyo na chumvi na protini zake, ukikutana na sakarini nyingi mno hufanya chembe ngumu ndogo ndogo zinazokwaruza kibofu, na jeraha lisilopona huzaa uvimbe. Mkojo wa mwanadamu haufanyi hivyo. Mwaka 2000 sakarini iliondolewa katika orodha ya Marekani ya vitu vidhaniwavyo kuleta saratani, na mwisho wa mwaka huo agizo la onyo likafutwa. Kanada, iliyokuwa imeiondoa katika vyakula, iliirudisha mwaka 2014. Saiklameti haikupata bahati hiyo: Marekani bado imeikataza, na nchi za Ulaya zairuhusu kwa kipimo.

Siku hizi serikali nyingi, na za Afrika Mashariki zimo, husikiliza wataalamu wa pamoja wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani. Wao hutafuta kwanza kiasi ambacho mnyama hula maisha yake yote bila kudhurika, kisha kwa kawaida hukigawanya kwa 100, ili wapate kiasi cha mtu. Kwa sakarini walisema, mwaka 1993, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kalamu na afanye hesabu: mtu wa kilo 60 atapata miligramu 300, ambayo ni gramu 0.3, kiasi kile kile kilichotajwa na baraza la Remsen, kabla ya panya wote hao kufugwa.

Na kwa kuwa jina refu huchosha wachapaji, vitu hivi vimepewa namba. Mkisoma maandishi madogo ya kifurushi au chupa mkaona 954, hiyo ndiyo sakarini. 952 ni saiklameti.